Dawa ya Ng'ombe Anayeongea

Martina mwanangu,

Hali sikuulizi, maana uko chumba cha pili na ninakusikia ukipigana na zipu ya begi. Nimefunga duka jua likiwa bado juu ya mashamba. Kuna mtu amegonga dirisha akitaka dawa ya kupe, nimejifanya sipo. Mama yako anadhani nimejifungia kupanga chupa. Mwache adhani hivyo, kwa sababu nikitoka hapa atanipa maboksi niyafunge kamba. Barua hii nimeianza, nimeichana, nimeianza tena.

Habari za sweta, blanketi, maji ya kuchemsha na vijana wa kuwaogopa ameshazimaliza yeye, na nyingine amezirudia kama litania. Mimi nina jambo moja tu, lile la Jumapili. Wiki nzima tumelizunguka. Unaniuliza chumvi iko wapi, nakujibu, unasema asante baba, tunaendelea kula. Kesho alfajiri gari linakupitia, na mimi najijua: mbele ya dereva nitasema safari njema, nitapiga bodi ya gari kwa kiganja, basi. Kwa hiyo naandika.

Ulirudi kutoka Wasso, wilayani, kuripoti kazini ukiwa na vumbi la njia mpaka kwenye nyusi, na barua ya kukupangia zahanati ya Kakesio mkononi. Nilidhani utafurahi, tabibu mpya na kituo chake. Badala yake ulikaa kwenye kochi na viatu vyako vichafu, mama yako akavumilia, ukasema umesoma miaka yote ile kutibu kwa dawa ambayo sasa hutaruhusiwa kuiandika. Ukatueleza kwamba serikali ina orodha yake. Dawa hii ngazi ya zahanati, hii ngazi ya kituo cha afya, hii mpaka hospitali. Ile sindano ya unga unaochanganywa na maji, ambayo kwenye mafunzo uliona watu wakiletwa wamebebwa wakaondoka kwa miguu yao, kwenye zahanati yako haimo. Mgonjwa wa sindano ile unamwandikia rufaa, halafu unamwombea barabara.

Jumapili tulipotoka kanisani ukaja huku dukani ukashusha sauti. Ulitaka nimwone rafiki yangu wa famasi anipatie boksi moja la sindano hiyo, ulifiche chini ya kitanda chako Kakesio kwa ajili ya siku moja tu, siku ya mvua, siku ambayo gari halipiti. Nikakataa. Ukaniomba tena, nikakataa kwa sauti, kikombe changu kikaanguka. Ndipo ukanitazama ukasema, "Baba, wewe uliwauzia watu dawa ya ng'ombe. Mimi naomba dawa ya watu kwa ajili ya watu, unakataa?"

Mama yako alisema wote wawili tumeshiba maneno, kwa hiyo tukale. Nilikula, ila ukiniuliza nilikula nini sijui. Swali lako lilikuwa la haki. Nilikasirika kwa sababu hiyo hasa.

Nilipofungua duka hili wewe ulikuwa darasa la kwanza. Kabla ya hapo nililima Endamarariek kama babu yako, mahindi na maharage, na mgongo uliponikatalia nikaenda mafunzo mafupi ya kuuza dawa za mifugo. Cheti nikakitundika ukutani, ndicho hicho kilicholiwa na mende pembeni. Wateja wangu wakubwa walikuwa wafugaji wa kule juu hifadhini. Siku za mnada walishuka na mbuzi, wakiuza wanapita kwangu kabla ya kupanda gari. Mzee Saning'o wa Kakesio alikuwa mmoja wao. Unamkumbuka, yule mrefu aliyekuwa akikuita mchumba wake, wewe unakimbilia chini ya kaunta.

Siku moja alikuja akichechemea. Alitaka ile sindano nyeupe kama maziwa, ya ng'ombe wenye homa na vidonda. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mteja: ng'ombe ana uzito gani, maana dawa inapimwa kwa uzito. Akajitazama kuanzia kifuani mpaka kwenye makubadhi yake ya tairi.

"Kama mimi," akasema. "Na anaongea."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Kisha akafunua shuka nikaona mguu, nikaacha kucheka. Zahanati ilimpa vidonge, havikusaidia, tabibu akamwambia sindano ya kidonda kama hicho si ya ngazi yake, akamwandikia hospitali. Yeye akapima. Hospitali ni safari ya peke yake, na mifugo nani aichunge. Mnada ni lazima aje. Na dukani kwangu hakuna ngazi. Sheria ile ile iliyomzuia mtu aliyesomea asimdunge binadamu haikunizuia mimi, mkulima mwenye cheti cha majuma machache, kumpa chupa nzima mtu yeyote anayesema ana ng'ombe mgonjwa.

Nikampa. Mnada uliofuata alikuja akikanyaga vizuri, na kibuyu cha maziwa ya mgando kwa mama yako. Akawaambia wenzake. Baada ya hapo walikuja na utani ule ule: nipe ya ng'ombe anayeongea. Ng'ombe mwenye kikohozi, anaongea. Ng'ombe jike, amezaa juzi, anaongea sana. Tulicheka, nikapima, wakaondoka. Wakaanza kuniita daktari. Nikipita mnadani wazee wa watu walisimama kunisalimia, mimi ambaye pale Endamarariek nilikuwa mtoto wa mwisho asiyeulizwa neno kwenye kikao. Martina, nililipenda jina lile. Mama yako aliniambia, "Baba Martina, wewe ni daktari wa kuku." Nilinuna siku mbili.

Usinielewe vibaya, sikuwa nafanya ubaya kwa makusudi. Niliona watu wanapona. Hicho ndicho kinachonisumbua hata leo, kwamba wengi walipona. Kama ningeua mtu wa kwanza ningeacha siku ile ile.

Masika moja Saning'o alikuja na hakutania. Alisimama mlangoni shuka likichuruzika maji, akasema anataka ya ndama. Nikauliza ndama wa ukubwa gani. Akaonyesha kwa kiganja juu kidogo ya goti lake. Nikauliza kama anaongea. Nilitegemea acheke.

"Anaongea kidogo," akasema. "Ndiyo kwanza anaanza."

Alikuwa mjukuu wake, Nasieku. Homa ya siku kadhaa, shingo ngumu, zahanati imeandika rufaa, na barabara imekatika, magari hayapiti, yeye amevuka kwa miguu. Wewe leo ukisikia shingo ngumu utaruka kwenye kiti. Mimi nilikadiria kama mbuzi mkubwa, nikampunguzia, nikamwonyesha mstari kwenye bomba la sindano. Na nikamwambia maneno niliyokuwa nawaambia wote kuhusu mifugo yao: usiache dawa njiani, maliza. Hayo niliwafundisha mimi mwenyewe, kwa sababu mfugaji akishaona ng'ombe amesimama anaweka chupa juu ya paa, na ugonjwa unarudi na nguvu zaidi. Nilipiga kelele juu ya jambo hilo miaka na miaka mpaka wakashika. Basi na kwa mtoto wakashika. Walimdunga mpaka chupa ikaisha, chupa ya kutibu ndama.

Homa ilishuka. Mtoto akaishi. Mnada wa baadaye Saning'o aliniletea mbuzi mzima, tukamla hapa nyumbani, na wewe ulisema figo ni zako.

Kisha wakaanza kuona kwamba akiitwa hageuki. Alikuwa ameanza kusema yeyo, akimwita mama yake, na alikuwa akiwaita mbuzi wachache wa bibi yake kwa majina. Majina yale yakapotea moja baada ya jingine. Barabara ilipofunguka walimpeleka hospitali. Daktari wa huko alisema inawezekana ni ile homa yenyewe, kwa kuwa homa ya uti wa mgongo huweza kuchukua masikio. Inawezekana pia ni dawa yangu, maana ndani ya ule mchanganyiko mweupe mna kitu kinachoharibu masikio kikizidi. Alisema kwa sasa hakuna anayeweza kujua.

Laiti angesema ni mimi. Au angesema si mimi. Ningelia, au ningeshukuru, mambo yaishe. Lakini niliachwa katikati, na niko hapo hapo mpaka leo. Kuna asubuhi naamka nikiwa na hakika ni homa. Ikifika saa ya kufungua duka sina hakika tena.

Wewe unaamini niliacha kwa sababu ya wakaguzi. Mama yako ndiye aliyekuambia hivyo, kunisitiri. Wakaguzi hawakuwahi kunikuta na kosa, vitabu vyangu vilionyesha ng'ombe tu. Niliacha siku Saning'o alipomleta Nasieku hapa dukani. Hakuja kunilaumu. Alikuwa anapita tu na mjukuu, kumnunulia kandambili. Wewe ulikuwa bweni wakati huo. Unawajua watoto wa Kimaasai, hawampi mkubwa mkono, wanakuja wameinamisha kichwa wanasubiri uwaguse utosini. Akanijia hivyo, kichwa kimenyolewa, kinang'aa mafuta, akasimama mbele yangu akingoja. Mimi nikainama chini ya kaunta nikajifanya natafuta kitu. Nilitafuta hicho kitu mpaka babu yake akamshika bega wakaondoka.

Hilo sijamwambia mtu, hata mama yako.

Baada ya muda nilitembelewa na yule tabibu aliyekuwa Kakesio siku hizo. Nilidhani amekuja kunifokea, nikajiandaa kujitetea. Akaomba maji, akanywa, akaniambia kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko matusi: "Mzee, mimi nikiandika rufaa hawaendi, wanakuja kwako. Nikipeleka taarifa wilayani, Kakesio inaonekana haina wagonjwa wakali. Sasa nani ataniongezea dawa, nani atanipa gari?"

Sikuwahi kulifikiria. Nilidhani naziba pengo la serikali, kumbe nalifunika lisionekane. Kila chupa niliyoitoa kwa utani wa ng'ombe anayeongea ilikuwa mgonjwa mmoja asiyehesabiwa kokote. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilificha ya kata nzima, na kilio kikaangukia nyumba ya mtu mwingine.

Ndiyo sababu nilikataa boksi lako, Martina. Ulifiche chini ya kitanda, umdunge mmoja apone, habari zienee kama zangu zilivyoenea. Utaitwa daktari mzuri. Wilayani wataona rufaa zimepungua, watafurahi, na orodha itabaki vile vile kwa atakayekuja baada yako. Na siku dawa imekosana na mwili wa mtu pale chumbani kwako, hakuna maandishi, hakuna wa kumwita, na leseni yako inakwenda. Wanaokusifu leo siku hiyo watasema hawakujua.

Usidhani basi nimegeuka wakili wa serikali. Orodha ile inaniudhi. Naona kama imeandikwa na watu ambao kwao gari la wagonjwa likiitwa linafika. Wameweka ngazi, sawa, ila aliyeweka ngazi angekuja kwanza aone mvua za Kakesio. Nimegombana nao kichwani wiki nzima na kila mara nashinda, maana hawapo kujibu. Halafu nakumbuka dawa ya kupe. Unakumbuka ile ya chupa ya kijani? Ilipoingia kupe walidondoka wenyewe. Kila mtu akanunua, kila mtu akaizidisha maji ili itoshe kundi zima, mwisho kupe wakaizoea, wakawa wanaogeshwa wanabaki wamening'inia tu. Ilinibidi niitoe kwenye rafu. Basi nikifika hapo nawaelewa kidogo wanaoifungia sindano kali kabatini. Nikiukumbuka mguu wa Saning'o nawachukia tena. Mimi ni mtu wa aina hiyo, unanijua, siwezi kukuambia nimetulia wakati sijatulia.

Najua utaniuliza, na yule wa siku ya mvua? Aliyelala mbele yako, wewe unajua kinachomtibu, nacho hakipo? Jibu nimelitafuta. Leo asubuhi nilitoka nikasema naenda kununua betri za tochi, nikaenda famasi. Rafiki yangu akaniwekea boksi mezani bila kuniuliza, kwa sababu ni rafiki. Nililishika. Ni jepesi, sikutegemea litakuwa jepesi vile. Nikamwona mgonjwa wako wa siku ya mvua, na kila nilipomtazama usoni alikuwa Nasieku. Nikalirudisha. Njiani nikageuka nikalifuata tena, nikafika mlangoni, nikarudi nyumbani. Betri nimesahau. Kwa hiyo usilitafute kwenye begi, halimo, na kama litahitajika siku moja na halipo, ujue baba yako alilishika akaliacha. Hilo nitalibeba mimi, usilibebe wewe.

Lakini sikukaa bure. Juzi ilikuwa siku ya mnada, nikaenda. Nilikuwa sijakanyaga mnadani tangu zile kandambili, wewe ulidhani ni mgongo. Nilimkuta Saning'o ameketi juu ya jiwe, amezeeka, fimbo katikati ya magoti. Nilitaka kuanza na habari za mvua na malisho kama watu wanavyoanza, ila niliona nikianza hivyo nitaishia hivyo. Nikamwambia moja kwa moja kwamba mwanangu anakuja Kakesio kuwa tabibu, na ninaogopa. Nikamwambia mtoto wake mkubwa ana lile Land Cruiser la kubebea mbuzi, na ninamwomba, Martina akiandika rufaa, gari lile limchukue mgonjwa kwanza, mbuzi baadaye. Nikamwambia pia kwamba wasimwombe dawa ya kuficha, na wakiambiwa hospitali waende. Niliongea haraka haraka nikitazama mifugo ya watu.

Alisogea kwenye jiwe nikakaa. Kisha akaniuliza kwa nini nimekaa muda wote ule bila kuja. Nikamwambia kwa ajili ya Nasieku. Akasema alijua, alikuwa anangoja niseme.

"Mbuzi watasubiri," akasema. "Gari lipo. Lakini mtoto wako akifika, asianzie zahanati, aanzie kwangu. Mjukuu wangu atamsalimia."

Basi hiyo ndiyo rufaa yangu kwako, kama naruhusiwa kuandika moja. Pale kazini, kila unayemhitajia dawa usiyokuwa nayo, mwandike, na useme wazi ni dawa gani na kwa nini, hata kama wanaosoma wamechoka na jina la Kakesio. Wachoke. Mimi niliwapumzisha miaka mingi mno. Wewe una ulimi mkali wa mama yako, utumie huko, usiutumie kwa wagonjwa. Na ukishindwa na jambo, piga simu usiku au mchana. Sitakuwa na la maana la kukuambia, lakini nitapokea.

Zipu imenyamaza. Mama yako anauliza kwa nini duka limefungwa. Nitaiweka barua hii ndani ya kifurushi chako cha chakula cha njiani, mahali ambapo hutaiona mpaka mko safarini, maana ukiisoma hapa tutalia wote na gari litatuacha.

Kesho mkishapita geti la hifadhi na kushuka upande wa pili, mwambie dereva akushushe kwa Saning'o kwanza. Wanamjua wote. Msichana atatoka kwenye boma. Amekuwa mrefu, babu yake anasema anachunga ndama wote peke yake na hajapoteza hata mmoja. Hutasikia akikuita, wala wewe usipaze sauti, haitamfikia. Atakuja mpaka mbele yako, atainamisha kichwa, atangoja.

Weka mkono. Usiuondoe haraka. Kisha uuweke mara ya pili, huo uwe wangu.

Baba yako